Mama Alipopimwa Mwendo

Mama alikuwa na salamu ndefu. Kule kwetu milimani, juu ya soko la Nunguni, hilo si jambo la ajabu, maana sote tumelelewa hivyo. Huwezi kumpita mtu njiani ukamtupia neno moja ukaenda zako kama askari wa trafiki. Unasimama, unatua mzigo, unauliza nyumba, watoto, shamba, mvua, ng'ombe na mbuzi, kisha mwenzako naye anakuuliza hayo hayo, na wewe unajibu kwamba wote ni wazima hata kama umemwacha mmoja kitandani anaumwa. Ugonjwa hutajwa baadaye, salamu zikishaisha. Lakini hata kwa desturi hiyo ya kwetu, mama alizidi.

Mimi subira hiyo sikurithi. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Makindu, nilikoolewa, na maisha yangu yaliendeshwa na kengele. Shule zikifungwa nilipanda kumwona mama, tukawa tunashuka pamoja sokoni asubuhi na kabichi zake na minji, na alasiri tunapanda kurudi nyumbani. Kushuka hakukuwa na shida. Wakati wa kupanda ndipo nilipokuwa nachemka. Kila kona mama anasimama. Akimwona mtu shambani, anamwita aje njiani. Asipomwona mtu, anaita kwenye boma mpaka mtu atoke. Mimi nasimama kando nimeshika kiuno, natazama saa ambayo haikuwa na kazi yoyote kule mlimani.

Na mwaka baada ya mwaka salamu zile zilirefuka. Watu walinisifia: mama yako ana heshima, mama yako hampiti mtu. Nilijibu asante, huku moyoni nikisema kwamba hiyo ni heshima ya mtu ambaye hana sufuria mekoni.

Mwishoni mwa miaka ya themanini nilikwenda likizo ya Disemba nikamkuta amebadilika. Miguu ilikuwa imevimba mpaka viatu vyake vya kanisani alikuwa amevipasua pembeni kwa kisu. Usiku hakulala chini. Alikaa kitandani ameegemea gunia la mahindi lililofunikwa blanketi. Nilipomuuliza, alikuwa na sababu ya kila kitu. Miguu ni baridi ya mlimani. Viatu vilikuwa vidogo tangu dukani. Gunia liko kitandani kwa sababu ya panya.

"Panya wanakula mahindi au wanakula wewe?" nikamuuliza.

"Wewe umekuja kunitembelea ama kunihukumu?" akasema.

Nilimpeleka hospitali kubwa ya wilaya bila kumpa nafasi ya kubisha. Walimpiga picha ya kifua, wakamtoa damu, wakamlaza siku kadhaa wakimpa vidonge vya kukojoa. Daktari aliyemshughulikia alikuwa kijana kutoka kaskazini mashariki, mrefu, mpole, Mwislamu wa familia ya wafanyabiashara wa ng'ombe. Kikamba hakukijua hata neno moja, na mama Kiswahili alikijua cha kuuzia kabichi, kwa hiyo mimi nilikaa katikati. Alitueleza akionyesha kiondo cha mama, kikapu chake cha kusukwa, kilichokuwa miguuni pake. Alisema kiondo kikibeba mzigo mzito miaka mingi hutanuka, kikalegea, kikashindwa kurudi umbo lake. Moyo wa mama ulikuwa umefika hapo. Dawa zingeupunguzia mzigo lakini zisingeusuka upya.

Nikasema basi, imekwisha. Mama atahamia kwangu Makindu, kuliko tambarare, hakuna mlima, hospitali iko karibu, na mimi niko pale kila jioni. Mama akasema haendi. Ile nyumba ya mlimani alijengewa na baba kabla hajafa, na baba mwenyewe amezikwa chini ya mibuni. Hata kama ningemletea gari la kumhamisha, angekaa chini mbele ya magurudumu yake. Tulianza kugombana pale pale mbele ya daktari, kwa Kikamba, na nadhani hakuhitaji mkalimani.

"Kabla hamjapigana," akasema, "ngojeni tumpime mwendo."

Alitueleza kwamba moyo wa mtu aliyelala kitandani haumwambii mengi. Anataka kuuona ukifanya kazi. Katika hospitali kubwa za mji mkuu kuna mashine yenye mkanda unaozunguka, mgonjwa anatembea juu yake akiwa amefungwa nyaya. Hapa hawana mashine hiyo, lakini wana korido na wana saa. Mgonjwa anatembea kwenda na kurudi kwa dakika sita, mwendo wake mwenyewe, halafu wanapima umbali aliokwenda. Umbali ule unaonyesha moyo umebakiwa na nguvu kiasi gani, nani anaweza kuendelea na maisha yake na nani inabidi achungwe.

Hapo tukapatana, mimi na mama, daktari akiwa shahidi. Mwendo ukiwa mzuri, anarudi kwake mlimani na mimi sitamsumbua tena. Ukiwa mbaya, anafunga vitu vyake anakuja Makindu. Mama alikubali haraka mno, uso umemng'aa kama mtu aliyeshinda kesi ya shamba. Mtu amepanda mlima maisha yake yote akiwa na mtungi mgongoni, sasa anaambiwa atembee sakafuni mikono mitupu. Hata mimi niliona nimeshindwa.

Korido yenyewe ilianzia dirisha la kuandikishia wagonjwa mpaka mlango wa dawa, na ilikuwa siku ya kliniki. Pande zote mbili kulikuwa na mabenchi, na mabenchi yote yalikuwa yamejaa watu kutoka kila pembe ya Ukambani. Mama alinipa kiondo, akakaza leso kiunoni. Daktari akatazama saa yake na kusema, "Haya, mama. Tembea."

Akafika benchi la kwanza. Pale alikuwa mzee mmoja mwenye mkongojo.

"Uvoo waku?" mama akamsalimia.

"Nesa," akajibu mzee, na macho yake yakaamka. Mama akataka kujua ametoka wapi. Ametoka Mukuyuni. Basi akamuuliza mvua ya Mukuyuni, na mtama wa Mukuyuni, na kama lile daraja lilitengenezwa.

"Mama, endelea kutembea," daktari akasema.

"Ndiyo, mwanangu. Mimi naendelea," akajibu mama kwa Kiswahili chake, akasogea hatua chache mpaka kwa mwanamke aliyekuwa na mtoto, akaanza upya. Benchi zima lilikuwa limefurahi. Wale wa mbele walikuwa wameshajiweka sawa wakingoja zamu yao ya kusalimiwa.

"Mwaitu!" nikapiga kelele. Ndivyo tunavyomwita mama kwetu. "Unapimwa, hii si harusi!"

Sista aliyekuwa ameshika kitabu cha kuandikia alicheka mpaka akaegemea ukuta. Dakika ziliisha mama akiwa hata mlango wa dawa hajaufikia. Alirudi kwetu ametabasamu, jasho kidogo juu ya mdomo, akaniomba kiondo chake.

Daktari peke yake hakucheka.

"Hii siwezi kuiandika," akasema. "Kusimama kunaruhusiwa. Mtu akichoka anasimama, anapumzika, anaendelea. Saa tu ndiyo haisimami. Lakini mimi lazima nijue amesimama kwa nini. Nyumbani kwetu pia salamu ni ndefu, mwalimu. Baba yangu akikutana na mtu anauliza ngamia mmoja mmoja. Sasa huyu mama, amechoka au ana adabu? Sijui."

"Hajachoka," nikamwambia. "Huyu ni mdomo tu. Ninamjua."

Akasema tuendelee na dawa, turudi baada ya wiki chache, na tuje alasiri wakati watu wameondoka.

Wiki zile zilimpendeza mama. Nilikaa naye mlimani mpaka shule zilipokaribia kufunguliwa. Maji yalishuka miguuni, viatu vikamtosha ingawa vilikuwa vimepasuliwa tayari, na gunia la mahindi likashushwa kidogo. Alilalamika juu ya chumvi tu. Daktari alikuwa amemkataza, na isyo, mahindi na maharagwe yetu ya kila siku, mama alisema bila chumvi ni chakula cha kuku. Kwa wiki nzima aliwatangazia majirani kwamba korido ya hospitali ni kitu kidogo sana. Nami nilikuwa nimeanza kuingiwa na wasiwasi kwamba atashinda. Nilimtaka Makindu. Nilimtaka mahali ambapo ningeweza kumsikia akikohoa. Sikujali sana sababu itakayomleta.

Tuliporudi, daktari alitupeleka nyuma ya wodi. Kulikuwa na njia ya simiti kutoka chumba cha kufulia mpaka jikoni, imenyooka, na alasiri ile haikuwa na mtu. Shuka tu zilikuwa zimeanikwa kandokando. Sista alisimama upande wa jikoni kuzuia wapishi wasipite. Mimi nilipewa ndoo iliyogeuzwa nikakaa upande wa kufulia.

"Haya, mama. Tembea."

Akaanza kwa kishindo, mikono inayumba, kama kwaya inayoingia kanisani. Akafika jikoni, akageuka, akaja kwangu, akageuka. Nikaona Makindu inaniponyoka. Mara ya pili kufika jikoni alikuwa amepunguza mwendo. Katikati ya njia akaanza kutazama kushoto na kulia. Upande huu shuka, upande ule shuka. Akatazama mbele, akaniona mimi. Akanijia polepole, akasimama mbele yangu, akaweka mkono begani kwangu.

"Uvoo waku?" akanisalimia.

Tulikuwa pamoja tangu alfajiri. Tulikuwa tumekunywa chai ya chupa moja, kikombe kimoja.

"Nesa," nikasema. "Mwaitu, tembea."

"Na baba watoto?"

"Hajambo. Tembea."

"Na watoto?"

"Hawajambo."

"Na mbuzi zako?"

"Mbuzi gani? Mimi sina mbuzi, unajua sina mbuzi!"

Mkono wake begani ulikuwa mzito, na sasa nikaona kwamba hakuuweka pale kwa mapenzi. Alikuwa amejishikiza. Blauzi ilikuwa inapanda na kushuka haraka, shingo ina mshipa umesimama, midomo imekuwa rangi ya majivu. Alikuwa anauliza maswali ya neno moja moja kwa sababu pumzi ya maneno mawili hakuwa nayo. Maswali ya salamu ni mafupi na majibu yake ni marefu. Anayeuliza anapumzika, anayejibu ndiye anayetumia pumzi. Na mimi nilikuwa namjibu kwa neno moja, kama nilivyozoea.

"Na mbuzi?" akauliza tena, kwa sauti ndogo.

Niliiona njia yetu ya mlimani na kila kona yake, na mimi nimeshika kiuno.

"Pumzika, mama," daktari akasema nyuma yake. "Muda upo bado."

Akapumzika, akaenda tena kidogo, akasimama tena katikati ya shuka bila mtu wa kumsalimia, mpaka daktari akasema imetosha. Walipima kwa utepe. Sikuuliza umbali. Niliona mahali aliposimama.

Daktari alizungumza nasi wazi, na mpaka leo namshukuru kwa hilo. Alisema dawa zinasaidia, na aendelee nazo. Lakini mwendo huu ni mfupi. Mtu mwenye mwendo huu moyo wake hauna akiba, unatumia kila ulicho nacho kwa kutembea tu, na ikija homa au baridi ya kifua hautakuwa na cha kuongeza. Nilimuuliza amebakiza muda gani. Akasema yeye hahesabu miezi ya mtu, hiyo ni kazi ya Mungu, lakini kama kuna jambo nataka kufanya na mama yangu nisingoje. Kuhusu mlima, hakuushauri.

Nilimtafsiria mama. Nilifupisha, lakini alielewa. Alifunga leso, akaifungua, akaifunga tena.

"Nilikubali mwenyewe," akasema. "Twende Makindu."

Makindu ni tambarare kweli. Kuna reli, kuna barabara kuu ya kwenda Mombasa, kuna malori, kuna joto, na kuna hekalu la Masingasinga ambapo msafiri yeyote akiingia anapewa chakula bila kuulizwa kabila wala dini. Nyumba yetu haikuwa na hata ngazi moja. Nilimpangia chumba chenye dirisha, nikamnunulia mito ili tuachane na gunia, nikampikia mwenyewe bila chumvi. Nilikuwa nimefurahi, sitaficha. Usiku nilikuwa nasikia pumzi yake kupitia ukuta nikalala vizuri.

Lakini watu wa Makindu hawasimami. Ni mji wa watu wanaopita. Mama akitoka jioni kunyoosha miguu anamsalimia dereva, dereva anasema "poa, mathe" na ameshampita. Anamsalimia mwenye duka, mwenye duka anafikiri anataka sukari. Kwa hiyo pumzi ikimwishia alisimama tu, peke yake, katikati ya njia, kama aliyesahau anakokwenda. Watu wema walimshika mkono wakamvusha barabara ambayo hakutaka kuivuka. Siku moja alivushwa na kurudishwa na watu wawili tofauti, akafika nyumbani amekasirika kweli kweli. Mahali pekee alipopapenda ni benchi la nje ya lile hekalu. Mzee mmoja wa pale mwenye kilemba, aliyezaliwa hapo hapo Makindu, alijua Kikamba na alikuwa na nafasi ya kuuliza mpaka mahindi. Lakini hekalu lilikuwa mbali kidogo na mimi niliogopa barabara, nikamkataza.

Akaacha kutoka. Alikaa dirishani. Hakulalamika, na mama yangu asipolalamika ujue mambo yameharibika.

"Nyumba yako ni nzuri," aliniambia jioni moja. "Lakini nimekaa kama mzigo uliosahauliwa stesheni."

Iliniuma, na nikamjibu kwa hasira kwamba mzigo unaopikiwa chakula mara tatu kwa siku haujasahauliwa. Halafu ikafika siku ya kliniki.

Siku hiyo daktari alimpima tena kwenye njia ile ya simiti. Alisema mwendo haujaongezeka, lakini haujapungua pia, na kwa moyo kama wake hiyo ni habari nzuri. Mama akamsikiliza mpaka mwisho, halafu akanisogeza kando kwa kiwiko. Hii alitaka kuisema mwenyewe.

"Daktari, wewe umepima mimi kwa simiti. Mimi haiishi kwa simiti. Sasa nataka kupimwa kwa mlima."

"Mlima siwezi kuupima, mama. Uko mbali."

"Huyu atapima," akasema akinionyesha kwa kidole. "Mimi ikifika juu kwa miguu yangu, bila kubebwa, naachwa kwangu. Ikishindwa, narudi Makindu na sisemi tena neno."

Daktari alinigeukia mimi. Alisema hawezi kumruhusu na hawezi kumfunga kamba. Kama tutakwenda, twende polepole, akae kila anapotaka kukaa, kifua kikimbana tusimame na tusiendelee. "Na kumbuka, mwalimu," akaniambia mlangoni, "kusimama kunaruhusiwa."

Nilikubali kwa sababu nilikuwa na hakika hatafika hata kona ya kwanza. Nilikuwa nimeshapatana na jamaa mmoja mwenye pikapu pale sokoni atungoje atushushe. Niliona bora ashindwe mara moja, mbele ya macho yake mwenyewe, kisha arudi Makindu roho yake imetulia.

Tulianza kupanda mchana, mimi nimebeba begi lake. Kona ya kwanza ilikuwa hata hatujaikaribia nilipomwona mwanamke akitoka kwenye mibuni na jembe lake. Hakuitwa. Alikuja moja kwa moja mpaka njiani akalitua jembe.

"Uvoo waku?"

Mama akasimama. Mwanamke yule akauliza nyumba, akauliza Makindu, na kabla mama hajajibu akaanza kueleza yake mwenyewe, jinsi maharagwe yalivyoingiwa na wadudu, jinsi mkwewe alivyojifungua, akaeleza mpaka jina la sista aliyemzalisha. Mama anatikisa kichwa tu. Kisha yule mwanamke akakatiza kisa chake katikati, akasema haya, nisikucheleweshe, akachukua jembe.

Juu kidogo kulikuwa na duka la fundi cherehani. Fundi alikuwa ameshatoka nje, utepe shingoni, anatungoja. Yeye alisimulia habari za kanisa. Nilikuwa nimesimama kando kama zamani, lakini safari hii sikutazama saa, nilimtazama fundi. Macho yake hayakuwa usoni kwa mama. Yalikuwa kifuani, kwenye blauzi ile ikipanda na kushuka. Ilipotulia, naye akamaliza habari za kanisa.

Huko mbele niliona mwanamume akishuka kwenye ngazi aliyokuwa amepanda kuezeka banda, anateremka mbiombio ili atuwahi njiani.

Hakuna aliyemuuliza mama kuhusu ugonjwa. Hakuna aliyemshika mkono. Hakuna aliyesema pole.

Kona iliyo kali kuliko zote iko chini ya mikalitusi, karibu na juu. Hapo anakaa bibi mmoja aliyeolewa mlimani mwaka mmoja na mama, rafiki yake wa miaka yote. Tulimkuta ameketi nje ya ua wake, ukingoni kabisa mwa njia, kwenye kigoda. Kando yake kulikuwa na kigoda cha pili, kitupu, na ardhi iliyo mbele yake ilikuwa imelika kwa miguu ya mtu aliyezoea kukaa pale. Mama aliketi bila kukaribishwa. Uso wake ulikuwa wa majivu tena, na mimi nikafikiri, hapa ndipo basi.

"Uvoo waku?" akasema bibi.

Mama akainua kidole tu.

"Na ng'ombe wako?"

Ng'ombe wa mama alikuwa amekufa kabla ya mvua iliyopita. Alivunjika mguu kwenye mtaro akachinjwa, na bibi huyu huyu alipewa paja.

"Hajambo," mama akanong'ona.

"Anatoa maziwa?"

"Vizuri."

Nikafungua mdomo kusahihisha. Ni kazi yangu, kusahihisha. Bibi aliniinulia macho, na mimi nikafunga mdomo. Kisha akaanza kumsifu yule ng'ombe. Alimsifu rangi, alimsifu chuchu, alimkumbuka alivyomfukuza mchungaji wa kanisa mpaka akapanda juu ya ua, akauliza kama bado ana tabia ile, na mama, kidogo kidogo, neno moja, halafu mawili, halafu sentensi nzima, akamjibu kwamba anayo, na tena sasa amezidi. Walicheka. Ng'ombe marehemu alizungumzwa pale mpaka rangi ikarudi midomoni mwa mama.

Walikuwa wanajua, wote, kabla ya picha ya kifua, kabla ya daktari, kabla yangu. Baadaye, siku nyingine, nilimuuliza bibi walijuaje, na ni nani aliyewapanga. "Kujua nini?" akaniuliza, na sikupata zaidi ya hapo.

Tulifika juu jua likiwa limeinama. Mama alikaa kwenye kizingiti cha mlango wake, akaegemea nguzo, akafumba macho. Nilisimama mbele yake na begi mkononi.

"Umepima?" akauliza bila kufumbua.

"Nimepima, Mwaitu. Umefika."

Niliingia ndani nikafungua begi, nikaanza kutundika nguo zake kwenye misumari yake ya zamani. Nililia nikizitundika, kwa sababu nilijua ninamwacha. Mwenye pikapu alitungoja mpaka giza na alinilaumu sana.

Kliniki iliyofuata daktari aliniuliza alitumia muda gani kupanda. Nilimwambia alitumia mchana wote. Nilimweleza kuhusu jembe, na fundi, na ngazi, na ng'ombe. Alicheka kwa mara ya kwanza, kisha akasema hiyo pia hawezi kuiandika.

Mama aliishi muda mrefu kuliko daktari alivyotarajia na mfupi kuliko nilivyotaka. Alishuka sokoni siku alizojisikia, akapanda alasiri nzima. Alifariki alfajiri moja kitandani kwake, ameegemea gunia la mahindi. Mito yangu ya Makindu alikuwa amempa bibi wa mikalitusi.

Nilipanda siku hiyo peke yangu, mume wangu na watoto wakifuata nyuma na basi la mchana. Kifua changu kilikuwa kizima na miguu yangu ilikuwa mizima, na kona ya kwanza nilitaka kuipita mbio nifike. Sikuweza. Nilikuwa nalia, na hewa haikuingia. Mwanamke wa jembe akatoka kwenye mibuni, akanieleza maharagwe yake. Fundi alikuwa ameshatoka nje.

Chini ya mikalitusi vigoda vilikuwa viwili. Nikaketi kwenye cha mama.

"Uvoo waku?" bibi akasema.

Nikainua kidole.

"Na baba watoto?"

"Hajambo."

"Na watoto?"

"Hawajambo."

"Na mbuzi zako?"

Nikavuta pumzi.

"Wazima," nikamwambia. "Yule mweusi amezaa mapacha."